Ngozi ya Kuazima

Mayi-Mayi, wale wapiganaji wa porini wanaojikinga risasi kwa maji ya dawa, wana sheria nyingi kuliko kanisa. Usile sombe, yale majani ya muhogo. Usioge kwa sabuni siku ya vita. Usiibe, wanasema, ingawa hiyo huwa wanaisahau mapema. Usipeane mkono na mtu ambaye hajanyunyiziwa maji ya dawa. Usiguswe na mwanamke. Na juu ya zote: usikaribie damu ya uzazi wala kitu chochote kinachotoka pamoja nayo, kwa maana siku hiyo maji yanakutoka mwilini, na risasi inarudi kuwa risasi.

Sasa Mungu, ambaye naye ana utani wake, alimpa Séphora Kasika mtoto mmoja tu, wa kiume. Séphora ni mzalishaji. Watoto wa Bulengera, huko Butembo, karibu nusu yao wamepita mikononi mwake kabla hawajafika mikononi mwa mama zao. Na mtoto wake huyo mmoja, Maliro, akaenda porini kuwa Mayi-Mayi.

Alikwenda baada ya baba yake, Abdias, kuuawa na askari wa Uganda kwenye barabara ya Beni akipeleka maharagwe. Hakuaga. Séphora alituma salamu kwa kila mtu aliyepanda milimani, na jibu lilikuwa lilelile kila mara: Maliro ni mzima, lakini hawezi kuja nyumbani, kwa sababu mama yake ana mikono ya uzazi. Wewe unaweza kucheka. Séphora hakucheka.

Maliro alirudishwa asubuhi moja ya ukungu, wakati watu wanateremka kwenda sokoni. Vijana walimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, kama wanavyobebwa wagonjwa wote wanaotoka milimani, shuka limemfunika mpaka usoni. Mbele alikuwa Mbusa, kijana wa avenyu hiyohiyo, aliyekula ugali wa Séphora tangu hajaota meno ya pili. Waliingia kwa mlango wa nyuma, wakamweka chini katika chumba kinachotazamana na migomba.

"Mama Séphora, usipige makelele," Mbusa alisema. "Ni Maliro. Moto ilimukamata."

"Moto gani?"

"Kule ku mulima ya Kabasha. Tulipiga camion ya ba-Uganda, fût ya essence ikapasuka. Komanda anasema umuponyeshe. Mais usimuguse."

"Nitamuponyesha aje bila kumugusa?"

"Docteur anasema uvae gants. Gant haiko mukono."

Huyo docteur hakuwa mtu wa hospitali. Alikuwa mzee Syauswa, mwenye kibuyu cha maji, yeye anayewanyunyizia kabla ya vita na kuwaamulia kipi ni mwiko na kipi si mwiko. Hivyo ndivyo alivyoamua: mpira ukiwa katikati, mama hajamgusa mwanawe. Séphora alivaa gants zake, glavu za mpira zilezile alizokuwa akizichemsha na kuzichemsha tena tangu dawa zilipoacha kufika, akafunua shuka.

Alikuwa amezoea damu. Lakini hakuwa amewahi kuona nyama ya mtoto wake mwenyewe. Kifua chote, bega la kushoto na mkono mpaka kwenye kiwiko vilikuwa vimechunika, vyekundu, vinatoa maji. Akapiga magoti, na waliokuwa pale wakadhani anaomba.

Kumpeleka hospitali haikuwezekana. Tangu lile lori la petroli liungue, askari wa Uganda walikuwa wakipita katika vyumba vya wagonjwa wakiinua mashuka, wakitafuta nani ameungua. Fundi mmoja wa kulehemu, mtu asiyejua hata bunduki inashikwaje, alikutwa na malengelenge mkononi. Walimchukua, na mke wake bado alikuwa anazunguka akiuliza. Basi Maliro alibaki chumbani, dirisha limefungwa, na Séphora akawaambia majirani kwamba amepokea mgonjwa wa kifua kikuu, ili pasiwe na mtu wa kuingia kusalimia.

Alichana mashuka ya zamani, akayachemsha, akamfunika nayo. Siku ya kuyabadilisha ndipo alipoelewa shida yake ilivyo. Kitambaa kilikuwa kimeshika nyama. Kila alipokivuta kilitoka na kitu, na Maliro akapiga kelele ambayo ilisikika barabarani. Séphora alimziba mdomo kwa mkono wake wa mpira. Nje, doria ilikuwa inapita. Alisikia buti zao kwenye matope, alisikia mmoja wao akicheka. Alibaki hivyo, amemziba mtoto wake mdomo, mpaka hatua zikapotea. Alipoachilia, alikuta amemng'ang'ania kwa nguvu hata midomo imekuwa ya bluu.

Na kitambaa kinatakiwa kubadilishwa tena. Na tena. Asipobadilisha, kidonda kinaoza. Akibadilisha, mtoto anapiga kelele, na kelele zinaita askari. Harufu nayo ilikuwa imeanza, ile harufu tamu ambayo mtu wa kazi hii akiisikia anajua maana yake.

Hapo ndipo alipokumbuka Beni. Alipokuwa msichana akijifunza kazi huko, daktari mmoja mzee aliwaonyesha jambo. Alichukua kondo la nyuma la mama aliyejifungua dakika ile, akachuna kutoka juu yake ule utando mwembamba, ile nguo iliyomzunguka mtoto tumboni, akauosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akaulaza kwenye paja la mtoto aliyeangukia sufuria ya maharagwe. Hii ni protini, aliwaambia, kama ute wa yai, kama ngozi yenyewe. Mwili wa mtu unaijua, haugombani nayo. Inashika bila kamba. Inazuia maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie, na chini yake ngozi mpya inatambaa taratibu. Ikimaliza kazi inakauka, inaanguka yenyewe. Hakuna cha kubadilisha kila siku. Na yule mtoto, Séphora alikumbuka vizuri, aliacha kulia alasiri ileile, akaomba ndizi.

Hakuna cha kubadilisha. Hakuna kelele.

Lakini kati ya vitu vyote alivyoumba Mungu, hicho ndicho kilichokatazwa kuliko vingine. Wakijua kule mlimani, watamuua. Hilo halikuwa la kubahatisha. Kulikuwa na mwanamke wa upande wa Alimbongo aliyewapikia akiwa mwezini, na kila mtu alijua yaliyompata. Na Maliro je? Mpiganaji aliyechafuliwa hivyo anaweza kuwaharibia maji wenzake wote. Watamfanya nini? Séphora hakutaka kumaliza wazo hilo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, basi aliufunga moyo wake kwa kitambaa cha kichwa, akaenda kungoja mtu wa kuzaa.

Aliyekuja alikuwa Rébecca, msichana ambaye Séphora mwenyewe alimzalisha mama yake. Alimjua tangu pumzi ya kwanza, alijua hana ugonjwa wa damu, na hilo lilikuwa muhimu, maana hawezi kuweka kwenye kidonda cha mtoto wake kitu cha mtu asiyemjua. Rébecca alizaa vizuri, mtoto wa kike, sauti kama tarumbeta ya kanisa. Mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe wake, nyanya Kahongya, na beseni, akingoja kondo. Kwao kondo halitupwi. Linazikwa na nyanya, nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, ili mtoto ajue kwao ni wapi.

Séphora alimpa mlango mgongo. Alichuna utando ule kama mtu anayetoa utando wa maziwa yaliyopoa, akauzamisha katika bakuli la maji ya chumvi na kulifunika kwa kitambaa. Kisha akamletea Kahongya kondo lake.

Bibi alilitazama. Akaligeuza kwa ncha ya kijiti.

"Nguo yake iko wapi?"

"Nguo gani, nyanya?"

"Mimi nilizaa batoto mingi, Séphora. Kondo najua. Ile nguo ya mutoto iko wapi?"

"Ilipasuka, nyanya. Ilitoka na maji yote."

Kahongya alimtazama usoni, kisha akatazama lile bakuli lenye kitambaa, kisha usoni tena. Siku zile neno mulozi, yaani mchawi, lilikuwa jepesi kutamkwa, na likishatamkwa, mtu hapewi muda wa kujieleza. Wanakuja na petroli. Séphora alihisi jasho likimteremka mgongoni ingawa Butembo ilikuwa na baridi yake ya kila siku.

"Wasingya," bibi alishukuru mwishowe, kwa midomo tu, akaondoka na beseni lake.

Maliro alikuwa katika homa, hajui mchana wala jioni. Séphora aliosha kidonda, akalaza utando kipande kwa kipande, akiusukuma hewa itoke chini yake. Ukashika. Uling'aa kidogo, kisha ukawa kama haupo. Baada ya muda mguno uliokuwa haukatiki tangu siku ile ya tipoyi ulipungua, ukawa pumzi, na pumzi ikawa ya mtu anayelala. Séphora alikaa chini akalia kwa furaha. Machozi yalikuwa hayajakauka hofu iliporudi, kubwa kuliko mwanzo, kwa sababu sasa alikuwa amefanya na hakuna wa kumrudisha nyuma.

Alipoamka, Maliro alitazama kifua chake.

"Mama, ni nini hii?"

Uongo nao unahitaji miguu. Séphora alikuwa amevunja mayai asubuhi ile na kuacha maganda juu ya sahani, mahali pa kuonekana.

"Ngozi ya yai. Ile ya ndani, nyembamba. Ata bankambo ba zamani balikuwa banatia ku kidonda."

Maliro alifikiri. Alikuwa mtoto wa sheria, huyo.

"Sheria inasema nisikule mayai," akasema polepole. "Haisemi nisivae."

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza ambalo Séphora aliliona usoni pake tangu msiba wa baba yake, na lilimchoma, maana alikuwa amelipata kwa kumdanganya.

Wanawake waliendelea kuzaa. Vita haijawahi kuzuia hilo. Kila alipopata utando wa mama anayemjua, aliulaza pale ambapo wa zamani umekauka. Mayai nayo aliendelea kuvunja. Kuku wa jirani hawakupata kuheshimiwa hivyo.

Kisha komanda akaja kumwona mgonjwa wake.

Alikuja mchana kweupe, amevaa koti la mvua na kofia ya mkulima, gunia la viazi begani, na nyuma yake mzee Syauswa amebeba puaro, vile vitunguu vya majani, kama muuzaji wa soko. Komanda Sikuli alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, na upole huo ndio uliowatisha watu. Séphora alikuwa ametoka kuzalisha. Bakuli lilikuwa chini ya kitanda, na ndani yake utando mpya, haujawa na saa moja.

Syauswa aliinama juu ya Maliro. Hakumgusa, alimnusa. Alinusa bega, akanusa kifua, akafumba macho.

"Hii ni kitu gani?"

"Ngozi ya yai, papa," Séphora alijibu. Sauti yake ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Onyesha."

Alileta sahani ya maganda. Syauswa alichukua moja, akachuna kwa ukucha kile kingozi cheupe, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakilinganisha na kile cha begani. Vinafanana. Atakayebisha avunje yai aone. Lakini mzee hakuwa mjinga, na alikawia, na Séphora aliona macho yake yakishuka sakafuni.

"Na mu ile bakuli?"

"Ni maji yenye ninaosha gants za kazi. Nimetoka kuzalisha sasa hivi. Nikuletee uone, papa?"

Syauswa aliruka nyuma kana kwamba ametajiwa nyoka. Akajifuta mikono kwenye koti, ingawa hakuwa amelikaribia lile bakuli.

"Acha palepale," alisema. Kisha, ili heshima yake isipungue: "Yai ni yai. Hapana mwiko."

Walipoondoka Séphora alitoa bakuli chini ya kitanda, akavunja yai jingine juu ya sahani.

Ukweli ni kwamba Maliro alipona vizuri. Utando ulikauka ukawa kama karatasi ya sigara, ukajikunja pembeni, ukaanguka. Séphora alikuwa akiviokota vipande vyote kwenye shuka, hakuacha hata kimoja, akavifukia shambani. Siku ile kipande cha mwisho kilipoanguka, alipitisha kidole cha mpira juu ya kifua chote: hakuna kilichobaki. Chini yake kulikuwa na ngozi mpya, ya rangi ya waridi, nyororo, haina hata unywele. Ilikuwa ngozi ya Maliro mwenyewe, mwili wake ndio ulioifanya. Ile ya kuazima ilikuwa imesharudi ardhini.

Jambo moja hakuwa amelifikiria, na sijui kama kuna mama ambaye angelifikiria. Alikuwa amepigana na kifo cha kitandani mpaka akasahau kwamba kuna kingine kinangoja nje, na kwamba hicho hakimtaki mgonjwa. Kinamtaka mzima.

Walikuja mvua ya alasiri inanyesha, ile mvua ya Butembo inayopiga mabati hata watu hawasikilizani. Sikuli, Syauswa, Mbusa na wengine kadhaa walijibanza chumbani, mitutu ikichungulia chini ya makoti. Maliro alikuwa tayari amevaa shati. Uso ulikuwa unamwaka kwa furaha.

"Tunaenda Beni, Mama. Camp ya ba-Uganda. Tutalipa ya Papa."

Mbusa alimzungushia mkono begani, lile bega la kushoto, akacheka. Walikuwa watoto wawili wanaokwenda mpirani.

"Komanda," Séphora alisema, "huyu hajapona. Ngozi yake ingali laini."

"Risasi haitamugusa, Mama. Juu ya nini unaogopa?"

"Ni mutoto yangu wa pekee."

"Kila mutu kule ni mutoto ya mutu," Sikuli alisema kwa upole wake, akageuka kuelekea mlangoni. Na wote wakaanza kutoka, Maliro katikati yao.

Séphora alikuwa ameificha siri yake kwa hofu muda wote ule. Wazee wanasema mficha uchi hazai, naye kwa kazi yake alilijua neno hilo vizuri kuliko wengi. Alijua kabisa kwamba pengine hii ndiyo sentensi yake ya mwisho duniani.

"Haikuwa yai," akasema.

Mvua ilikuwa kubwa, lakini walisikia.

"Nini?" Sikuli aliuliza.

"Ku kidonda. Haikuwa ngozi ya yai. Ilikuwa nguo ya uzazi. Ile yenye kutoka na kondo. Ya batoto bachanga ba hapa Bulengera. Nilimufunika nayo yeye mwili yote."

Mbusa aliutoa mkono wake begani kwa Maliro. Hakuutoa kwa haraka. Aliutoa kama mtu anayejiondoa kutoka kwenye kitu kinachoweza kuamka. Kisha wote wakarudi nyuma mpaka migongo ikagusa ukuta, na Maliro akabaki peke yake katikati ya chumba.

"Anadanganya," Maliro alisema. "Mama, sema unadanganya."

Sikuli aliinua bunduki, akaielekeza kifuani kwa Séphora, na uso wake ulikuwa bado mpole. Séphora alifumba macho. Alisikia kishindo, akadhani amekufa, kumbe ni Syauswa aliyeupiga mtutu kwa fimbo yake.

"Hapana! Komanda, hapana! Damu ya mwanamuke, tena muzalishaji, leo hii? Tutakufa bote ku Beni!"

Sikuli alihema. Alishusha bunduki. Akatoa kisu kiunoni, akakitupa sakafuni mbele ya miguu ya Séphora.

"Utoe," alisema.

"Nitoe nini?"

"Ile ngozi. Uitoe yote. Docteur atamuosha, tutaenda naye."

Kabla Séphora hajaelewa vizuri, Maliro alikuwa ameshafungua vifungo vya shati lake. Alilivua, akapiga magoti, akaegemeza mikono yote miwili kwenye kitanda na kumwinamishia mama yake lile bega la waridi.

"Toa, Mama," alisema. Meno yalikuwa yanamgongana. "Toa yote. Nitavumilia. Sitalia."

Hapo ndipo Séphora alipofikishwa. Akisema ukweli, kwamba hakuna cha kutoa, kwamba ilikauka na kuanguka zamani, basi mtoto ni safi, ananyunyiziwa maji, anakwenda Beni kufa. Akinyamaza, watamchuna akiwa hai, na mtoto mwenyewe amejitoa, amekaza meno. Séphora alitazama kile kisu. Hofu aliyokuwa nayo sasa ilikuwa haina mahali pa kukaa mwilini. Ilimtoka kwa mdomo, na ilitoka kama sauti ya mtu anayejua anachosema.

"Haitoki," alisema. "Iliingia. Ilisha kuwa damu yake. Ukikata ngozi, utaikuta ku nyama. Ukikata nyama, utaikuta ku mufupa. Nani anaweza kutoa maziwa mu chai? Muangalie mwenyewe, papa docteur. Hii ni ngozi ya mutu mukubwa?"

Syauswa alisogea hatua moja, si zaidi. Alinyoosha fimbo, akagusa bega kwa ncha yake. Ngozi ilibonyea, ikawa nyeupe, ikarudi kuwa ya waridi, laini, bila unywele, kama ya kitoto kilichozaliwa asubuhi ile. Mzee aliitupa fimbo pembeni, akamshika Sikuli mkono.

"Ni kweli. Ni ngozi ya mutoto muchanga. Huyu anaisha. Tika ye, komanda. Umuache! Twende."

Wakatoka. Hawakufunga mlango. Maliro aliwafuata mvuani bila shati, akipiga kelele majina yao mmoja mmoja, na Séphora nyuma yake akiteleza kwenye matope. Kwenye njia ya mikaratusi walimgeukia. Wa kwanza kuokota jiwe alikuwa Mbusa. Alilitupa huku analia, likampata Maliro mguuni. Wengine nao wakatupa, hawakulenga sana, walitaka tu asikaribie. Alisimama mpaka hawaonekani tena.

Habari za Beni zilifika kwa wauza mkaa. Mapigano yalikuwa ya asubuhi moja tu. Mbusa hakurudi. Komanda Sikuli alipita mbali na mji, na wachache, akielekea kusini. Mama yake Mbusa alikuja kumwuliza Maliro kama anajua lolote, na Maliro akaingia chumbani akajifungia. Jioni ileile alimwambia mama yake, bila kumtazama, kwamba angekuwepo, Mbusa angekuwa na mtu wa kumbeba kwa tipoyi. Baada ya hapo hakusema naye tena.

Alijipikia mwenyewe. Alijikuna ile ngozi mpaka ikatoa damu, akitafuta mahali pa kuianzia. Wakati mwingine Séphora alimkuta ameketi uani, kucha zimezama begani kwake, macho yako mbali, na alitaka kumrukia na kumwambia: mwanangu, hakuna kitu hapo, unajichuna mwenyewe. Alifika hata kufungua mdomo. Kisha alisikia mizinga upande wa Kabasha, au akaona vijana wapya wakipanda mlima na visu vya kukatia mihogo, na mdomo ulijifunga wenyewe. Wanawake wengine wa Bulengera waliacha kuja kuzaa kwake. Nyanya Kahongya alipokutana naye njiani, alivuka upande wa pili.

Hivyo wakaishi, mpaka msimu wa maharagwe ukapita. Asubuhi moja Séphora alikuwa uani akianika gants kwenye kamba, akasikia ameitwa.

"Mama."

Aligeuka. Maliro alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti, mfuko mgongoni, buti zimefungwa kamba mpaka juu. Alikuwa amenyoa. Usoni pake kulikuwa na kitu ambacho Séphora hakuwa amekiona tangu siku ya mvua, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni tumaini.

"Kuko docteur ingine, kule Luofu," Maliro alisema. "Batu banasema anajua kusafisha. Anasema kama ile kitu ilisha anguka, ata kama ilikaa siku mingi, ananimwangia maji na ninarudi kuwa mutu. Mais kama ingali mu mwili, hapana njia. Asinione."

Alimeza mate.

"Uniambie kweli. Mbele ya Mungu. Ilianguka, ama ingali?"

Séphora alikuwa mtu wa kanisa. Hakuwa amewahi kuapa uongo, na alimwogopa Mungu kweli, si kwa mdomo. Alimwogopa pia huyu kijana aliyekuwa akimtazama kwa macho ya Abdias, akimngojea ampe uhai wake. Ingetosha neno moja, na lilikuwa neno la kweli, na angemrudisha mtoto wake kwake, aongee naye, ale chakula chake, amwite Mama kama zamani, mpaka kesho asubuhi.

"Ingali," alisema.

Maliro alibaki amesimama pale mlangoni. Kisha alikaa chini kwenye kizingiti, akavuta mguu wa kwanza karibu, akaanza kufungua kamba za buti.